H. E. Lambert: Bingwa wa lahaja aliyepania kukomesha uavyaji mimba Meru

Wapenzi wa lugha ya Kiswahili hulijua jina la H. E. Lambert kutokana na vijitabu vitatu vyembamba. Kimoja chaeleza Kivumba, lahaja ya watu wa Vanga na Wasini. Cha pili chaeleza Kichifundi, na cha tatu Kijomvu na Kingare cha Mombasa. Vilitoka mwaka 1957 na 1958, na mwanafunzi wa chuo kikuu anayezitafiti lahaja za pwani ya kusini ya Kenya bado hana budi kuvipitia. Mwingereza huyo alikusanya pia nyimbo za watu wa pwani, na mwaka 1971, yeye akiwa amekwisha kufariki, ikachapishwa diwani ya mashairi yenye jina lake, Diwani ya Lambert.

Kuna upande wa pili wa maisha yake ambao hautajwi katika vitabu vya isimu. Kabla ya kuwa mtaalamu wa lahaja, Lambert alikuwa mtawala. Katika miaka ya 1930 alishika wadhifa wa mkuu wa wilaya ya Meru, na akiwa huko alijitwika kazi ya kukomesha uavyaji wa mimba miongoni mwa wasichana. Njia aliyoichagua iliingia katika miili ya watoto wa kike wa wilaya nzima, na matokeo yake yalizidi kujitokeza muda mrefu baada ya yeye kuihama.

Habari hii ni ya Meru, lakini majirani wa bondeni wanaweza kuielewa upesi kuliko wengine. Vilima vya Meru vinaishia kaskazini katika tambarare kavu za Isiolo, na katika tambarare hizo ndipo ilipo Leparua, nchi ya wafugaji iliyo magharibi mwa mji wa Isiolo, ikipakana na hifadhi ya Lewa. Enzi za Lambert mpaka kati ya milima na tambarare ulikuwa mpaka wa dunia mbili. Juu kulikuwa na wilaya ya wakulima, yenye misheni, machifu na baraza la wenyeji. Chini kulikuwa na Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililofungwa ambamo mgeni hakuingia bila kibali na ambamo serikali ilishughulika zaidi na usalama na mifugo. Swali lililomsumbua Lambert kule juu lilikuwapo na huku chini pia, ila hakuna ofisa aliyetumwa kuliuliza.

Swali lenyewe lilihusu msichana anayeshika mimba kabla ya kukeketwa.

Kwa mila ya Wameru wa wakati ule, ukeketaji ndio uliomfanya msichana kuwa mwanamke. Haukuwa tukio la siku moja. Ulitanguliwa na kutogwa masikio na kuchanjwa chale tumboni, ukafuatwa na kipindi cha kukaa ndani akifundishwa, kisha ndoa. Mambo hayo yote yalikuwa mikononi mwa wanawake. Mama, bibi na mabaraza ya wanawake wenye umri ndio walioamua msichana yupi amekomaa na lini atakatwa. Na kwa kawaida walingoja. Msichana wa Meru alikeketwa akiwa amekwisha kuvunja ungo, matiti yamejaa, na posa ikiwa imekaribia. Katika jambo hili Wameru walitofautiana na jirani zao Wakikuyu, ambao walikuwa wakiwakeketa wasichana kabla ya hedhi ya kwanza.

Kati ya kuvunja ungo na kukeketwa, basi, palikuwa na miaka kadhaa. Katika miaka hiyo msichana alicheza ngoma na vijana, na si ajabu kwamba wengine walishika mimba. Hapo mila haikuwa na huruma. Mtoto wa msichana asiyekeketwa alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo mzima. Mimba ilitakiwa itoke, na walikuwapo watu wenye ujuzi wa kuitoa. Kuavya, kwa hiyo, hakukuwa siri ya msichana aliyeasi wazazi wake. Mara nyingi wazazi wenyewe ndio waliotaka iwe hivyo, na msichana hakuwa na la kusema. Hilo ni jambo la kuzingatiwa na kila mtu anayedhani kwamba zamani za Afrika hazikuijua mimba iliyotolewa, au kwamba kila mimba iliyotolewa ilikuwa uamuzi wa mwenye mimba.

Boma la serikali Meru lilianzishwa mwaka 1908 na Edward Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi. Haukupita muda mrefu kabla ya maofisa na wamisionari kuzisikia habari za mimba zinazotolewa. Mwanzoni ziliandikwa kama kioja. Baadaye zikawa tatizo la utawala, kwa sababu koloni lilihitaji watu. Walowezi walitaka vibarua, serikali ilitaka walipa kodi, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambapo maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa na maradhi yakafuata, hofu ya kupungua kwa watu ilienea katika ofisi za Nairobi na London. Kule Meru maofisa wakaamini kwamba idadi ya watu haiongezeki inavyopaswa, na kwamba mimba zinazotolewa ni mojawapo ya sababu kubwa.

Sheria ilikuwapo. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, iliyoigwa kutoka Uingereza, ilifanya kutoa mimba kuwa kosa kubwa la jinai. Sheria ya Uingereza iliyokuwa chimbuko lake ilikuwa ya mwaka 1861, enzi za Malkia Victoria. Mtoaji alikabiliwa na kifungo cha hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, na aliyetoa dawa au kifaa miaka 3. Lakini sheria kwenye karatasi haikufua dafu vijijini Meru. Nani angetoa ushahidi? Familia ilikuwa upande wa mtoaji. Jirani alifurahi kwamba mkosi umeondolewa. Msichana aliogopa wazee wake kuliko alivyomwogopa hakimu.

Kulikuwa na njia nyingine: kuushambulia ukeketaji wenyewe, kwa kuwa bila ukeketaji kusingekuwa na mimba ya asiyekeketwa. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwa jirani na moto wake ulikuwa bado haujapoa. Mwaka 1929 Kanisa la Scotland, lenye vituo Thogoto, Tumutumu na Chogoria, liliwataka waumini wake waukane ukeketaji. Waumini wakatoka makanisani kwa wingi, shule za kujitegemea zikaanza kuchipuka, na Januari 1930 mmisionari Mmarekani Hulda Stumpf akauawa huko Kijabe. Bungeni London akina mama wabunge, wakiongozwa na Duchess wa Atholl na Eleanor Rathbone, walikuwa wakidai serikali ichukue hatua. Nairobi ilitaka utulivu. Mkuu wa wilaya ambaye angepiga marufuku ukeketaji Meru wakati huo angejitafutia balaa.

Lambert alikuwa mtu wa aina nyingine na wengi waliomtangulia. Alikuwa msomi kwa tabia. Alijifunza desturi za watu aliowatawala, akachunguza jinsi ardhi inavyomilikiwa, akayakaribia mabaraza ya wazee na hasa Njuri Ncheke, baraza kuu la Wameru ambalo baadhi ya maofisa wa awali walilichukulia kama chama cha wachawi. Yeye aliliona kuwa serikali ya asili inayofaa kushirikishwa katika utawala. Mawazo hayo aliyaandika baadaye katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1947 na Chuo Kikuu cha Cape Town, kuhusu matumizi ya mamlaka za wenyeji katika kuwatawala Wameru. Haki itendeke: ni maofisa wachache wa enzi hiyo waliowasikiliza wazee wa Kiafrika kwa makini kama yeye.

Ila wazee aliowasikiliza walikuwa wanaume.

Hoja ya Lambert na wenzake ilikuwa na mantiki iliyonyooka. Mimba zinatolewa kwa sababu msichana hajakeketwa. Msichana hajakeketwa kwa sababu Wameru huchelewa. Basi Wameru wasichelewe. Wasichana wakeketwe wangali wadogo, kabla ya kuvunja ungo, kama ilivyo kwa Wakikuyu, na hapo hakutakuwa na mimba yoyote ya kuitwa mkosi. Mila ibaki, wazee wabaki na heshima yao, kanisa lisipambane na mtu, na watoto wazaliwe. Machifu na wajumbe wa Baraza la Wenyeji walikubali. Kwao, kama ilivyokuwa kwa bwana DC, hii ilikuwa njia ya kuwadhibiti mabinti bila kuvunja desturi.

Serikali ile ile, basi, ambayo London ilitakiwa ipunguze ukeketaji, ikawa Meru inausimamia na kuuharakisha. Ngariba wa kike walikuwa wameanza kuandikishwa tangu miaka ya 1920, na ukataji wenyewe ulikuwa umewekewa kanuni ili usiwe mkali mno. Sasa likaongezwa suala la umri. Machifu na askari wa kabila walipita vijijini, wasichana ambao hawajakeketwa wakakusanywa, wakubwa kwa wadogo, wakakatwa kwa pamoja. Wameru waliyaita makusanyo hayo kigwarie.

Mwanahistoria Mmarekani Lynn M. Thomas, ambaye katika miaka ya 1990 alikwenda Meru kuzungumza na wazee na akina mama, na kitabu chake kikatoka mwaka 2003, ndiye aliyeifumbua habari hii kwa upana. Kutokana na kazi yake inaonekana wazi kwamba kwa wanawake wa Meru tatizo la kigwarie halikuwa umri peke yake. Lilikuwa pia nani ameamua. Jambo lililokuwa la mama na bibi, lililofanywa mbali na macho ya wanaume, lililotanguliwa na maandalizi ya miezi na kufuatwa na mafunzo, lilikuwa limechukuliwa na askari mwenye fimbo. Mtoto alikatwa siku hiyo na pengine hata mama yake hakuwa amejiandaa.

Je, mimba za wasiokeketwa zilipungua? Bila shaka zilipungua, kwa sababu ya hesabu tu: wasichana wasiokeketwa wenye umri wa kuzaa walikuwa wachache. Ndivyo takwimu za kiutawala zinavyoweza kumridhisha mtawala. Lakini kisa kilihamia mahali pengine. Zamani ukeketaji na ndoa vilifuatana kwa karibu, na kukatwa kulikuwa tangazo kwamba binti yu tayari kuolewa. Sasa msichana alikatwa akiwa mtoto, akarudi nyumbani, akakaa miaka mingi akiwa ameshahesabiwa mwanamke kimila ilhali bado mtoto kimwili. Mafunzo ya kukaa ndani yakapoteza maana, kwani mtoto wa umri huo angefunzwa nini kuhusu mume? Alipokua akashika mimba kabla ya ndoa, hakuwa tena mkosi wa kuondolewa. Alikuwa binti aliyezalia nyumbani, na swali likawa nani atamlea mtoto.

Swali hilo likawa gumzo la mabaraza katika miaka ya 1940 na 1950. Wazazi walidai fidia kwa wavulana waliowapa mabinti zao mimba. Shule zilikuwa zimeongezeka, na msichana wa shule mwenye mimba alipoteza masomo yake papo hapo. Wapo waliotafuta njia ya kuitoa, sasa kwa siri kubwa zaidi, kwa sababu familia haikuwa tena upande wao na sheria ilikuwa ile ile. Uavyaji wa mimba ulikuwa umeondolewa katika desturi, ukabaki katika giza. Mwaka 1959 serikali ikaleta sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto mahakamani ili alipe matunzo. Bunge la Kenya huru, lililojaa wanaume, likaifuta mwaka 1969. Wabunge walilalamika kwamba inawapa wasichana kichwa kikubwa na kuwaonea wanaume.

Lambert alikuwa ameihama Meru zamani wakati pigo kubwa zaidi lilipotokea. Mwezi Aprili 1956, katikati ya hali ya hatari na vita vya Mau Mau, Njuri Ncheke, lile lile baraza alilolipandisha hadhi, lilikutana na kupiga marufuku ukeketaji wote katika wilaya. Mkuu wa wilaya wa wakati huo alikuwa nyuma ya uamuzi huo. Kwa hiyo katika muda wa miaka ishirini hivi, mamlaka zile zile zilikuwa zimewalazimisha wasichana kukeketwa wangali wadogo, kisha zikawakataza kabisa kukeketwa. Katika nyakati zote mbili waliokaa kikao walikuwa wanaume.

Wasichana walijibu kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Ngariba walikuwa wameogopeshwa, basi wasichana wakanunua nyembe madukani, wakaenda vichakani kwa makundi, wakakeketana wenyewe kwa wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, maana yake nitajikeketa mwenyewe. Kati ya 1956 na 1959 zaidi ya watu 2,400, wasichana pamoja na wanaume na wanawake wazima, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika za Meru kwa kukaidi amri hiyo. Wengine wengi walitozwa faini na machifu bila kufikishwa mahakamani. Nyumba zilichomwa, mifugo ikachukuliwa, watu wakafanyishwa kazi ya adhabu. Ni vigumu kumsifu mtoto aliyejikata kwa wembe, na ni vigumu vilevile kutoona kwamba watoto hao walikuwa wakidai kurudishiwa neno ambalo mama zao walinyang'anywa katika kigwarie.

Mwaka huo huo wa 1956 kilichapishwa kitabu cha Lambert kuhusu taasisi za kijamii na kisiasa za Wakikuyu, kazi ambayo wanaanthropolojia waliinukuu kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe alikuwa amegeukia lugha. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifu Kiswahili kutokana na Kiunguja, ilikuwa imeanza kutambua kwamba lahaja nyingine zinapotea kabla ya kuandikwa. Lambert akaifanya kazi hiyo. Alikaa na wazee wa Vanga, wa Jomvu, wa Funzi, akaandika sauti zao, methali zao na nyimbo zao. Miongoni mwa aliyoyakusanya ni nyimbo za jando na unyago za pwani ya kusini ya Kenya. Aliziandika kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba kitu cha namna hiyo kikiguswa ovyo kinavunjika. Kama aliwahi kuufikiria unyago wa Meru alipokuwa akizinakili, maandishi yake ya lugha hayaonyeshi.

Hii si habari ya mtu mwovu. Wako watawala wa kikoloni waliopiga, waliopora na waliochoma vijiji, na Lambert hakuwa mmoja wao. Alitaka mimba zisitolewe, na alitaka desturi ya watu iheshimiwe. Kosa lake lilikuwa la mtu mwerevu: aliifuata hoja yake mpaka mwisho bila kumwuliza msichana, wala mama yake. Aliona mimba inayotolewa akadhani kisa ni tarehe ya kukatwa. Kisa kilikuwa aibu, na aibu haikuondoka kwa kubadilisha tarehe.

Lambert alifariki katika miaka ya 1960, Kenya ikiwa imekwisha kupata uhuru, na vitabu vyake vya lahaja vikabaki kuwa wasia wake.

Kule chini tambarareni, ambako mamlaka yake hayakufika, desturi iliyofanana na ile aliyoikuta Meru haikuguswa na kigwarie wala na amri ya Njuri. Jamii za wafugaji wa Isiolo si moja, na Leparua yenyewe inakaliwa na watu wa makabila kadhaa. Miongoni mwa Wasamburu, wanaoishi Isiolo na katika kaunti za jirani, ipo desturi ya kuvishwa shanga. Morani humpa msichana mdogo shanga, na kwa shanga hizo huwa mpenzi wake kwa ruhusa ya familia. Msichana anaweza kuwa na umri wa miaka tisa au kumi tu. Morani huyo hawezi kumwoa, kwa kuwa mara nyingi ni wa ukoo mmoja. Na kwa sababu msichana hajakeketwa, haruhusiwi kuzaa.

Akishika mimba, yanayomfika ni yale yale yaliyowafika wasichana wa Meru karne iliyopita. Wanawake wazima huitoa mimba kwa kulikandamiza tumbo au kwa dawa za mitishamba. Ikishindikana, mtoto akizaliwa huweza kuuawa au kupewa watu wa jamii nyingine wamlee. Mashirika ya wanawake wa Samburu yamekuwa yakiyaeleza haya hadharani kwa miaka mingi, na wasichana waliookolewa wameyasimulia. Msichana huyu hakuchagua shanga, hakuchagua mimba, na hakuchagua kuitoa.

Sheria za leo zinamkuta wapi? Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamfanya morani kuwa mtuhumiwa wa unajisi. Sheria ya mwaka 2011 inaharamisha ukeketaji wa mtu wa umri wowote. Katiba iliyopitishwa na wananchi Agosti 2010, baada ya makanisa kuipinga kwa nguvu kwa sababu ya kifungu hiki hiki, inasema katika ibara ya 26 kwamba uavyaji wa mimba hauruhusiwi isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Msichana wa miaka kumi na miwili mwenye mimba ni vigumu kusema kwamba afya yake haimo hatarini.

Lakini mlango ulio wazi katika katiba umekuwa ukifungwa kwingine. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwaelekeza madaktari na wauguzi mwaka 2012, kisha ikauondoa Desemba 2013 na kusitisha mafunzo. Wahudumu wakabaki na katiba inayoruhusu na Kanuni ya Adhabu inayotisha, wasijue polisi atashika kitabu kipi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu Nairobi iliamua kwamba wizara ilikosea, katika kesi iliyomhusu msichana aliyebakwa, akatolewa mimba kienyeji, akapata maradhi ya figo na kufariki mwaka 2018. Mahakama iliamuru mama yake alipwe fidia ya shilingi milioni 3.

Utafiti uliofanywa na Wizara ya Afya pamoja na taasisi ya APHRC ulikadiria kwamba mwaka 2012 mimba karibu 465,000 zilitolewa nchini Kenya, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara yaliyotokana nazo. Idadi hiyo ya pili ni ya waliofika tu. Aliye Leparua, akivuja damu usiku, ana safari ya kwenda hospitali ya rufaa mjini Isiolo, na kabla ya safari ana maswali ya kujibu. Nani atamsindikiza, kama waliomkandamiza tumbo ni jamaa zake? Muuguzi akiuliza umri wake na jina la mwanamume, ni nani atakayekamatwa? Kila sheria iliyotungwa kwa ajili ya kumlinda inaweza pia kuifanya familia yake ione ni heri abaki nyumbani.

Wapo wanaosema dawa ni kuongeza makali ya sheria: kamata ngariba, kamata morani, kamata wanaotoa mimba. Wapo pia wanaosema wazee wakishawishiwa watayamaliza wenyewe, na kweli katika miaka ya karibuni mabaraza ya wazee wa Samburu na jamii nyingine za kaskazini yametoa matamko dhidi ya ukeketaji. Meru iliyapitia yote mawili. Askari walikuja, na wazee wakatamka. Mwaka 1956 Njuri Ncheke ilikuwa na kauli moja, na wembe ukauzwa dukani kama kawaida.

Kanuni ya Adhabu aliyoikuta Lambert mezani kwake katika boma la Meru imefanyiwa marekebisho mengi tangu uhuru. Vifungu vya kutoa mimba, sasa vya 158 hadi 160, vimo bado, na vifungo vyake ni vile vile: miaka 14, miaka 7, miaka 3.